Ng'ombe wa Mwimba Opera

Shikamoo dada Eliwaza, mwalimu wa kwaya usiyekosea kamwe,

Ngorongoro ni baridi na ukungu mtupu, kwa hiyo simba nimemwona kwenye kadi hii tu. Ila jana, njia ya kushukia Olbalbal, mama wa Kizungu tuliyechangia naye gari, mwimbaji wa opera, alishuka akaimba. "Aaa" moja tu aliipandisha, akaizungusha, akaitetemesha, akaishusha taratibu, dakika nzima! Ndiyo, mapambo yale yale yaliyofanya uniondoe kwenye sauti ya kwanza, eti najionyesha mbele za Bwana. Kwao watu huvaa suti kwenda kuyasikiliza.

Baba mmoja wa Kimasai aliyekuwa akichunga alisimama kimya mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Pole sana mama. Hao ng'ombe wako waliopotea wana rangi gani, nikusaidie kutafuta?"

Cheka dada, hata mimi nilicheka. Lakini yule alidhani ni msiba, na bado alimwacha amalize. Wewe ulinikatiza ubeti wa pili, kanisa zima likitazama.

Nakupenda hivyo hivyo. Nakuletea shuka la Kimasai. Jumapili nikianza kuimba, jifunike mpaka masikioni.

Mdogo wako, Upendo