Sentimita Tano

Jumapili, 16 Juni

Ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Mama sijamwambia, na hata kwenye sala nimezungukazunguka tu bila kulitaja. Nahodha wetu hakukosea. Ni mimi niliyesogeza vyuma.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani yanagongana.

Ukumbini kwetu kuna vyuma viwili vya kubembea, cha juu na cha chini. Nafasi kati yake unaiongeza au kuipunguza kwa mpini ulio pembeni. Kila msichana wa timu ya taifa ana namba yake, imeandikwa kwenye karatasi ukutani. Mimi na Nahodha tuna namba moja, sentimita 165, kwa sababu tulipopimwa mwaka jana urefu wetu ulikuwa sawa. Kwa hiyo akishuka yeye napanda mimi, nikishuka mimi anapanda yeye, na hakuna anayehangaika kupima. Kocha anatuita mapacha.

Ila mimi nimekua. Tangu nimalize mitihani ya mwisho ya shule nimerefuka kama mgomba! Nikibembea kwenye chuma cha juu, vidole vya miguu vinagonga cha chini. Sikusema. Nilijua Kocha akisikia itabidi anipime upya, anifundishe upya, na mashindano ya dunia ni mwezi ujao. Nani ana muda huo na msichana wa akiba? Wanaokwenda ni watano. Mimi ni wa sita.

Alhamisi ile, tarehe 6, niliwahi kufika. Nikazungusha mpini hadi 170. Nikafanya zoezi langu lote bila kugusa kitu — raha ajabu! Nikashuka, nikaenda kunywa maji. Nahodha akaingia, akapaka chaki mikononi, akapanda. Nilisahau. Naapa nilisahau. Kuna mahali anaachia chuma cha juu, anageuka hewani na kudaka cha chini. Nilisikia kucha zake zikikwaruza chuma. Halafu nikasikia kidevu.

Wote walimkimbilia yeye. Mimi nilikimbilia mpini.

Kocha alipokuja na futi yake ya kupimia alikuta 165. Akamwambia kwa upole kwamba vipimo viko sawa mwanangu, ni wewe uliyeachia mapema. Na Nahodha, damu inamchuruzika, akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Nyuzi nne kidevuni. Nimeandika.


Jumatatu, 17 Juni

Nyuzi zimetolewa. Daktari wa timu amesema mifupa mizima, mbavu nzima, aendelee na mazoezi.

Nahodha akapanda. Akabembea vizuri, miguu imenyooka kama mstari wa rula. Akafika pale pa kuachia — hakuachia. Akazunguka tena. Hakuachia. Mara ya tatu Spidi, mdogo wetu kuliko wote, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akapiga kelele kutoka kwenye zulia: "Dada, hicho chuma umekiposa au?" Tukacheka wote. Nahodha mwenyewe akacheka huku akining'inia.

Mara ya nne hakuachia, na hakuna aliyecheka.

Baadaye nilipita karibu na bafu. Maji yalikuwa yanamwagika muda mrefu na hakuna aliyekuwa anaoga.


Jumanne, 18 Juni

Vidole gumba vya miguu vimekuwa vya bluu. 165 hainitoshi tena, lakini sasa nani anathubutu kugusa mpini ule? Nakunja magoti kidogo ili nipite. Kocha ameona. "Wewe Kimya! Nyoosha miguu, hujakaa kwenye kiti!"

Kimya ni mimi. Jina nililopewa na Spidi hilo, limeninata.

Nikanyoosha. Nikagonga. Nikapanda tena, nikanyoosha, nikagonga. Mara kumi na moja. Sikulia.


Alhamisi, 20 Juni

Kocha ameniita ofisini. Nilikwenda nimeshaamua kusema. Njiani nilikuwa narudia: Kocha, naomba unisikilize. Kocha, naomba unisikilize.

Ofisi yake ni ndogo, maboksi ya bandeji hadi dirishani, filimbi kwenye msumari. Akaniambia nikae. Akasema orodha ya majina matano inakwenda Jumanne ijayo, saa sita mchana, na ikishakwenda imekwenda. Akasema anampenda Nahodha kama mtoto wake wa kumzaa, lakini hawezi kumpeleka mbele ya dunia nzima mtu anayeng'ang'ania chuma. Mpaka Jumanne asubuhi asipoachia, ninakwenda mimi. "Jiandae kama mtu anayekwenda. Umesikia?"

Ndiyo, Kocha.

"Mbona umepauka?"

Ndiyo, Kocha.

Akacheka, akaniambia nikale.

Basi. Hayo ndiyo niliyoyasema. Na niandike ukweli mwingine, maana humu nikidanganya nitasemea wapi: nilipotoka nilifurahi. Furaha ya kweli, ya tumboni. Ilidumu kutoka mlango wa ofisi mpaka mwisho wa korido. Pale mwisho Nahodha alikuwa amekaa sakafuni anajifunga bandeji kwenye viganja, akaniuliza, vipi, amekwambia nini? Nikasema, kula vizuri.


Ijumaa, 21 Juni

Baba amepiga simu kutoka safarini. Mama alishamwambia kuhusu Jumanne, na Baba amewatangazia madereva wote wa malori mpaka mpakani. Nilimsikia akipiga kelele kwa mtu: "Binti yangu anakwenda duniani!" Kwani nilikuwa wapi siku zote?

Mama akaniangalia nilivyosimama na simu. Akasema suruali imenikimbia, hebu tazama vifundo vya miguu vilivyo nje, huyu mtoto anakula mbolea? Akataka kunisimamisha kwenye fremu ya mlango anipime. Nikakataa kwa ukali ambao hakuutegemea. Akaiweka penseli mezani. Mama yangu haachi jambo hivihivi.


Jumamosi, 22 Juni

Leo ndiyo mbaya kuliko zote.

Nahodha amejitolea kunifundisha ule mruko wake. Kocha alishamweleza kuhusu Jumanne, lakini kunifundisha hakuambiwa na mtu. Amesema kama ni mimi ninayekwenda, basi nisiende kuaibika. Alisimama chini ya vyuma saa mbili nzima, mikono juu, ananikinga. Nilianguka mara sita, mara zote sita akanidaka. Mara ya saba akaniambia: "Mdogo wangu, shida yako unakitafuta chuma kwa macho. Usikitafute. Kipo palepale, hakiendi popote."

Nikashuka kwenye vyuma.

Akadhani nimechoka. Tukakaa kwenye godoro. Akaniambia mambo ambayo hajamwambia Kocha. Kwamba miaka tisa mikono yake haijawahi kumdanganya. Chakula, watu, mitihani, vyote vilishamwangusha, lakini mikono hapana. Sasa kila akifika pale pa kuachia anajiuliza: hivi nilivyokuwa na uhakika siku ile na bado nikakosea, nitajuaje leo? Kwa hiyo atamaliza mwezi huu, atawaaga, atatafuta kazi. Dada yake ana saluni. "Nitakuwa nasuka watu. Kule ukikosea unafumua."

Akacheka. Kidevuni kuna mstari mdogo wa waridi.

Sikiliza, daftari. Nilikuwa nafikiri ni suala la nafasi, yangu au yake. Si nafasi. Nimemnyang'anya mikono yake.

Jumatatu namwambia. Hata nikitapika, namwambia.


Jumapili, 23 Juni

Mapumziko. Nimeandika maneno ya kumwambia kwa namna tano na kuzifuta zote. Ya kwanza ilianza na "samahani", ya pili na "ujue", ya tatu ilikuwa ndefu na ndani yake nilikuwa najitetea. Nimeichana hiyo.

Mama kutoka jikoni: unaongea na nani humo?

Na wewe, nikasema. Nikatoka, nikajisimamisha mwenyewe kwenye fremu ya mlango. Akachukua penseli bila kuuliza kitu. Sentimita nne na nusu tangu sikukuu ya mwaka mpya. Akaniambia, sasa hilo nalo la kufichwa?

Hajui. Lakini usiku nitalala.


Jumatatu, 24 Juni

Nimesema.

Stoo ya magodoro, baada ya mazoezi. Leo pia hakuachia. Kocha hakumkaripia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nahodha alikuwa ananisaidia kupanga magodoro, nikasimama mlangoni ili nisiweze kukimbia bila kumpita.

Nikasema: Dada, siku ile vyuma havikuwa 165. Vilikuwa 170. Nilivisogeza mimi kwa sababu nimerefuka, nikasahau kurudisha. Ulipoanguka nikarudisha.

Yote kwa pumzi moja. Sauti yangu hata sikuijua.

Nilihesabu mishono ya godoro. Halafu akauliza, "Ngapi?"

Sentimita tano.

"Sentimita tano!" Akainua mikono, akaiangalia, kiganja na mgongo, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Akapima hewani kwa vidole — hivi. "Nilikigusa, unajua? Nilikigusa kwa kucha. Kwa hiyo nilifika. Nilifika pale ilipotakiwa nifike!" Akaanza kucheka, na akiwa katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikasogea, na hapo akanisukuma. Kwa nguvu. Nilikaa chini bila kupenda.

"Siku kumi na nane," akasema. "Siku kumi na nane unajua, na unaniangalia naning'inia pale kama nguo kwenye kamba. Umekula na mimi. Juzi nimekudaka mara sita!"

Saba, nikasema. Sijui kwa nini nilisema saba.

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Hilo naliweza.

Akakaa, mgongo umeegemea ukuta. Akauliza kwa nini nimesema leo, siku moja kabla ya orodha, wakati ningevumilia mpaka kesho mchana tu na nafasi ingekuwa yangu. Nikamwambia kwa sababu ya saluni. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akasema polepole, bila kutania, kwamba hajanisamehe, na nisimsumbue kwa kuomba, akiwa tayari atanitafuta mwenyewe.

Nikasema nakwenda kwa Kocha sasa hivi. Akanishika mkono. Hapana. Kocha akijua leo atapiga kelele, ataita daktari, ataita viongozi, na asubuhi itaisha kwa vikao. Yeye anataka kitu kimoja kwanza: apande, ajue mwenyewe. Kama mikono yake ni mizima, iseme yenyewe kabla ya mtu mwingine kuisemea. Ufunguo wa ukumbi anao, si ndiye nahodha. Saa kumi na mbili asubuhi. "Na wewe uje. Utasimama chini."

Mimi?

"Nani mwingine? Siwezi kumwita Spidi, nchi nzima itajua kabla sijapaka chaki."


Jumanne, 25 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Taa za upande mmoja tu. Yeye anafunga viganja, anafunga na kufungua, haridhiki na bandeji.

Vipimo: nimezungusha mpini mbele yake, nikapima, 165. Nikamwambia apime. Amepima na futi aliyokuja nayo kutoka kwao. 165. Akapima tena. Sikukasirika. Haki yake.

Nimeshaandika namba yangu mpya kwenye karatasi ya ukutani. Nimekata 165 kwa kalamu, nimeandika 170 na jina langu. Kocha ataiona akiingia tu. Atauliza, na nitajibu.

Amepanda mara moja. Hakuachia.

Nimesimama chini mikono juu, nikaona macho yake yalivyoshuka kunitafuta mimi, siyo chuma. Anaangalia kama nipo. Alipotua sikusubiri aseme. Nilimwambia — kwa sauti, ukumbi wote ukaitika — usinitazame mimi, Dada, mimi sitoki hapa. Alishtuka. Nadhani hajawahi kunisikia nikipiga kelele. Akasema, "Kumbe una koo!" Halafu akarudi kwenye chaki.

Mara ya pili alilegeza vidole. Niliviona! Vilifunguka, vikafunga tena. Ameshuka anapumua kama mtu aliyekimbia ngazi. Amesema tu, moja zaidi, nipe dakika.

Gari la Kocha limeingia getini, naijua ile breki inavyolia. Kutoka pale mpaka hapa ni hatua kama mia, na huwa anasimama kusalimiana na mlinzi.

Nahodha naye amesikia. Hakugeuka. Amepuliza chaki mikononi, amenyoosha kidole chini, pale kwenye godoro. Simama hapa.

Naenda. Daftari, nakufunga, nakusukuma chini kabisa ya begi. Kocha akikuokota usifunguke, na Spidi akikubembeleza usimjibu. Nitunzie siri kwa hizi dakika chache tu. Yaliyobaki nitayasema kwa mdomo wangu.