Vinyonga Uliokuja Kuwalisha

Mama,

Mayai yamepasuka. Yale uliyoyafukia wewe mwenyewe kwenye ndoo ya udongo, ukasema yakae chini ya kitanda changu maana huko hakuna kiatu cha askari kitakachoyafikia, yameanza kupasuka juzi asubuhi. Wametoka wadogo kama misumari, mikia imejikunja, macho tayari yanazunguka. Nilipowaona nilifungua mdomo kukuita: "Mama, kuja uone!" Halafu nikakumbuka.

Kuna mengi yamepita tangu tukuzike, na moja ni kubwa kuliko mayai. Nitalifikia. Acha kwanza nipite pale tulipopita pamoja, maana sina mwingine wa kupita naye.

Ulifika kwangu Uvira ukitoka kijijini kwako Lubarika kwa miguu, vita ilipoingia tambarareni. Kitenge kimoja kiunoni, kingine mabegani, rozari shingoni, na kuku mmoja ambaye hukukubali kumwacha. Hukuomba maji. Uliuliza, "Deo iko wapi?" Deo, mwanao na mume wangu, alikuwa ameenda Kalemie kwa boti kufanya kazi ya ujenzi, kisha vita ikakata njia ya ziwa. Hakuna aliyekuwa na habari yake. Nilikujibu hivyo. Ulikaa kwenye ngazi, ukavua viatu, ukasema tu, "Basi, tutamungojea wawili."

Ndipo ukaona kizimba.

Unakumbuka nilikuwa nafundisha biolojia. Masomo yalipofungwa kwa sababu waliokimbia vita walilala madarasani, nilileta nyumbani vinyonga wawili tuliokuwa tunawafuga kwa ajili ya wanafunzi. Dume walimwita Prefe, kama mkuu wa shule, kwa sababu jicho moja linatazama mbele na lingine nyuma. Jike walimwita Madamu. Niliwajengea kwa mbao za kitanda cha zamani, nikazungushia chandarua cha mbu ili hewa ipite. Ndani ya kioo wangeugua. Niliweka mipera michanga kwenye makopo, na vijiti vyembamba vya kushika, vingine juu penye jua la asubuhi, vingine chini kivulini. Katikati nilitundika gunia, maana wakionana wanakuwa weusi kwa hasira.

"Weye mukazana," ukasema, ukiniita mke wa mwanao kwa neno la kwenu, "iko nini mule?"

"Vinyonga, mama."

Ulifanya ishara ya msalaba. "Vita inatufukuza, na weye unaweka laana ndani ya lupango ya nyumba yako? Minye sitalala hapa."

Ulilala. Hukuwa na pengine pa kwenda. Lakini kwa muda mrefu ulikuwa unazunguka nyuma ya jikoni ili usipite mbele yao, na nilipokuwa natafuta panzi majanini nilikuona unanichungulia kama mtu anayemtazama mgonjwa wa akili.

Halafu silaha kubwa zikaanza kulia kule milimani. Prefe akaacha kula. Alishuka kwenye kijiti cha chini kabisa, akawa mweusi, akafumba macho mchana. Kinyonga akifumba macho mchana, mambo si mazuri. Nilimsogezea panzi mdomoni, akageuka. Nikamsogezea tena. Niliongea naye, mama, nilikuwa karibu kulia. Ndipo ulitoka jikoni, ukaja mpaka kwenye kizimba kwa mara ya kwanza, ukanisukuma kando kwa kiwiko.

"Muache. Unamuangalia sana. Muntu mwenye woga hawezi kula kama unamuangalia mu kinywa."

Ulivua kitenge cha mabegani, ukafunika upande unaotazama barabara. Ukakaa chini, ukawapa mgongo, ukaanza rozari. Mimi nilichungulia kwenye tundu. Muda mrefu hakuna kitu. Kisha nikaona macho yake mawili yamegeuka mbele kwa pamoja, mdomo ukaachama kidogo, na ulimi ukaruka. Taa! Ulisikia.

"Amekula?" ukauliza bila kugeuka.

"Amekula, mama."

"Basi leta bugali, na minye nikule."

Nilikuwa sijajua kwamba wewe pia huli. Tangu ufike ulikuwa unampa kuku sehemu kubwa ya sahani yako, na mimi nilikuwa nafurahi naona sahani tupu.

Kuanzia hapo walikuwa wako. Maji ya robine, lile bomba la uani, yalipokauka, ulitoboa kopo kwa msumari ukalitundika juu ya majani, maji yadondoke tone kwa tone, baada ya mimi kukueleza kwamba hawajui kunywa kwenye sahani. "Kama batoto ya matajiri," ukasema. Jioni ulikuwa unatoa panzi wote waliobaki, wasije wakawang'ata vinyonga wakiwa wamelala. Ulikuwa unarudi kutoka pembeni ya ziwa na bido la maji kichwani na wadudu ndani ya fundo la kitenge, na majirani walikuuliza umefunga nini, ukawajibu, "Chakula ya bakubwa." Sikucheka mwaka ule isipokuwa kwa ajili yako.

Madamu naye alipoacha kula, nikaogopa upya. Ulimtazama anavyoshuka, anapanda, anashuka tena, anapapasa chini. "Huyu haiko na woga," ukasema. "Huyu anatafuta pa kuzalia." Tukampa ndoo ya udongo uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu. Akachimba mpaka akapotea mzima. Alipotoka amekonda, ngozi imelegea, matope usoni, ulimdondoshea maji kwa kidole kabla hujagusa kitu kingine, ukimwambia maneno ya Kirundi ambayo sikuyaelewa na sikukuuliza maana yake. Ningekuuliza sasa. Kisha ukafukia mayai vizuri, ukapiga mikono kuondoa udongo, ukasema, "Deo akirudi atakuta nyumba imejaa."

Ulisema akirudi. Kila siku ulisema hivyo.

Ulianza kuhara alfajiri. Watu wengi wa mtaa wetu walikuwa wanaugua. Sote tulikunywa maji ya ziwa, na makaa ya kuchemshia hayakupatikana tena. Nilitaka kukukimbiza hospitali lakini risasi zilikuwa barabarani mpaka mchana. Nilikunywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, na kila ulichomeza kilitoka. Zilipotulia, jirani alikusukuma kwenye pusupusu lake la kubebea mizigo, mimi nimekushika kichwa kisigonge mbao. Hospitalini, wauguzi walipopata mshipa wa kutilia maji ya serumu, wewe ulikuwa umeshachoka.

Ulinivuta mkono. Uliuliza kama kuna boti imefika.

Nilisema, "Bado, mama."

Ilikuwa kweli. Hakuna boti iliyokuwa imefika. Lakini ningesema "imefika," mama, nani angeumia? Ungeondoka ukisikia miguu ya Deo kwenye mchanga. Neno lile dogo, bado, ndilo la mwisho ulilosikia kwangu, na nimelirudia kichwani mpaka limepoteza maana.

Ulitaka kulala Lubarika kando ya baba. Barabara ilikuwa imefungwa. Tulikuzika hapa Uvira, tukiwa watu wachache, katekista mmoja alisoma haraka haraka akisikiliza milimani. Nilikufunika kitenge kile cha mabegani.

Sasa lile kubwa. Deo amerudi.

Yuko mzima. Amekonda, ana kovu kwenye nyusi, lakini ni mzima. Boti za Kalemie zilipoanza tena, alipanda ya kwanza aliyopata. Bandarini mtu wa Lubarika alimwambia, "Mama yako alikimbilia kwa bibi yako, ule mwalimu." Hakujua zaidi ya hapo. Kwa hiyo Deo aliingia akiita. Hakuniita mimi. Alikuita wewe.

"Mama! Mama, minye huyu! Nimefika!"

Nilikuwa mbele ya kizimba na panzi mkononi. Aliita jikoni, akaita chumbani, akaita nyuma ya choo akicheka, akidhani unajificha kumtania. Kisha akatoka akanitazama. Vidole vyangu vilikuwa vimefunguka vyenyewe, panzi akaruka akaenda. Alinitazama hivyo, akajua.

Hakulia mara moja. Aliuliza tu ulikuwa unashinda ukifanya nini. Nikamwambia ulikuwa unalisha vinyonga. Alinitazama kama anayemtazama mwongo.

"Mama yangu? Ule alinipiga fimbo juu ya kuleta kinyonga ndani ya shati?"

Hukuniambia hilo, mama! Nilimwonyesha kopo ulilolitoboa. Alilishika, akaweka jicho kwenye tundu moja, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, akakaa pale pale chini penye kivuli cha kizimba, mtu mzima, analia na kopo limebanwa kifuani. Nilikaa naye. Baadaye alitaka nimsimulie kila kitu, hata habari ya boti na jibu langu. Nilimsimulia. Akasema, "Ulimuambia kweli. Alipenda kweli." Sijui kama ni sawa. Amesema ili nipate usingizi.

Hawa waliotoka kwenye mayai hawawezi panzi. Vinywa vyao havifiki hata ukubwa wa punje ya mchele. Deo ameweka maganda ya ndizi mbivu kwenye kizimba chao kidogo, yanavuta vijiinzi vile vidogo sana, na wanarusha ulimi wanakosa, wanarusha tena. Mmoja alianguka leo kwa kuruka na ulimi wake. Masomo yamefunguliwa. Kuna madawati ambayo hakuna anayeyakalia, na siulizi.

Mama, ninalojutia kuliko yote ni hili. Nilikuwa mukazana wako miaka yote ile na sikulala kwako hata usiku mmoja. Kila likizo tulisema tutakuja, kila likizo ikawa mvua, ikawa kazi, ikawa barabara mbaya. Nilikujua kwa sababu vita ilikuleta mlangoni kwangu. Sitaki kuishukuru vita, lakini ndiyo iliyonipa siku zote nilizo nazo nawe.

Magari yameanza kwenda tena tambarareni. Waliotangulia wanasema nyumba yako haina paa, kuta zimesimama. Jumatatu tunaenda, Deo atafunika juu kwa turubai la shitingi, na mimi nitalala kwako. Nakuahidi nitaamka mapema. Nitafagia uwanja wako wote mpaka njiani, kama mukazana anavyofanya asubuhi yake ya kwanza, kabla majirani hawajafungua milango. Wakitoka watakuta pamefagiwa, watauliza ni nani huyu. Nitawaambia ni mukazana wake, nimechelewa.

Pumzika, mama.

Wako, Sifa