Mkono wa Mzee Karisa

Bi Zena, mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu huamkiana, lakini wewe ndiwe uliyenifunza kwamba anayesomesha watu wazima hafungui mdomo wake kwa jambo lolote kabla hajaamkia. Basi sina pengine pa kuanzia.

Nimekaa darasani kwetu hapa Mjambere, kwenye ukumbi ule ule wa shule ya nasari. Wanafunzi wamekwenda zao, ila mmoja. Jua lingali juu, watoto wacheza nje, na mimi nimefunga mlango kwa komeo. Wewe hukuufunga mlango huu hata siku mvua ilipoingia mpaka chini ya mabenchi. Ulisema mtu mzima akikuta mlango umefungwa hagongi, hurudi kwao akafurahi. Leo nimeufunga. Nisamehe, na unisikize.

Wanasema Mzee Karisa ndiye aliyekuua.

Wewe, hasa wewe, ungelicheka kwanza, halafu ungelikasirika ukavua miwani. Lakini hupo, na neno hilo limekaa pahali pako.

Siku ile waijua kuliko sisi. Ulikuwa umeinama benchi la mbele, anapokaa yeye kwa sababu ya macho yake. Ukasema kama unavyosema siku zote: "Baba, naomba mkono wako." Hukumshika mtu mkono pasi na kumuomba, ukisema mkono wa mtu mzima umeshafanya kazi nyingi, si wako kuuchukua tu. Akakupa. Ukaweka wako juu ya wake, penseli ikaenda, K, A, na mlikuwa katikati ya R ulipokiweka kichwa chako begani kwake. Taratibu, kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Na yeye akatulia. Hakujitikisa, hakupiga kelele, alidhani umechoka na hakutaka kukuamsha. Sisi wengine tulikuwa tumeinamia vitabu vyetu. Alipoinua macho kunitazama, ulikuwa umeshakwenda.

Huko kutulia kwake ndiko wanakomshikia. "Mbona hakupiga kelele?" Hilo ndilo swali, Bi Zena, linalozunguka mtaani kama nzi.

Ulizikwa siku ile ile, kama ilivyo kwenu Waislamu. Kazungu wako alikwenda mpaka makaburini. Wamkumbuka alivyokuja, kibarua wa mjengo, hasira tupu, kila kitabu akikichana kwa sababu huko shuleni alitiwa mikasi, zile alama za makosa, mpaka akatoroka. Wewe hukumtia mkasi hata mmoja. Ulikuwa ukiandika jibu sahihi pembeni, kwa wino wa buluu kama wake, unamwachia mwenyewe aone. Aliposoma sentensi yake ya kwanza alitoka nje akajifanya anatema mate. Siku ya mazishi alilia kuliko wanao. Nataka ujue hivyo kabla sijakwambia mengine. Si mtu mbaya. Amefiwa, na hana wa kumlaumu.

Kazungu kwao ni upande mmoja na kwao Mzee Karisa, huko bara. Ndiye aliyekuja na hadithi kwamba mzee hakuhamia kwa bintiye kwa kupenda. Alikimbia. Ndugu yake alikufa ghafula, na wapwa wakatazama mvi za mzee, wakasema ni utsai, huo uchawi. Unajua huko kwetu mvi zimekuwa kesi. Mzee mwenye kichwa cheupe akipita, watu huhesabu waliokufa. Tangu hadithi hiyo ifike hapa, darasa si darasa tena.

Kwanza ni benchi. Wewe ulitoa vile viti vya watoto, ukasema mtu mzima akikaa magoti yakamfika kidevuni hawezi kujiheshimu. Ukaleta mabenchi, wakabanana, wakawa wanasaidiana. Sasa benchi la mbele lina Mzee Karisa peke yake, na la nyuma limejaa mpaka wa mwisho akaa nusu tako. Hata Mama Saumu wa mahamri amehama. Nilimuuliza, akaniambia, "Mimi simuogopi, Sidi, ni mgongo tu wauma nikikaa mbele." Ni Mama Saumu yule yule anayesema kila siku kasahau miwani nyumbani, na miwani hajapata kuwa nayo tangu azaliwe. Mtu mzima hasemi naogopa, wala hasemi sioni. Ulinifunza kusikia kile asichosema. Nasikia, Bi Zena. Sasa natamani kutosikia.

Halafu wiki hii Kazungu alikuja na kitu kimefungwa guniani, akakisukuma chini ya benchi kwa mguu. Kililia chuma. Nikamuuliza ni nini. "Panga, mwalimu. Natoka shamba." Mama Saumu akamrukia: "Shamba lako hapa Mjambere liko wapi, juu ya paa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Niliandika ubaoni na mgongo wangu wote ulikuwa ukilitazama lile gunia.

Na jana vijana wawili waliegesha pikipiki mbele ya mlango. Wapole, wananiita mama. "Shikamoo mama. Yule mzee wa mvi husoma hapa? Hutoka wakati gani?" Nikawaambia sijui wanafunzi wangu hutoka wakati gani, kila mtu na shughuli zake. Wakanishukuru. Wana pua ya Mzee Karisa, wote wawili.

Nilidhani leo hatakuja. Alikuja wa kwanza. Huwa najiuliza ni kitu gani kinamleta, nikamuuliza. Akasema, "Sidi, jina langu kwetu latajwa na watu wengine tu. Nami nataka nilitaje." Basi.

Sasa nikwambie la leo, nalo ndilo lililonifanya nikae nikuandikie.

Nilikuwa nikipita benchi kwa benchi. Siwaulizi "mmeelewa?", maana ulinionya kwamba mtu mzima atasema ndiyo hata nyumba ikiungua. Namwambia kila mmoja amfunze jirani yake. Nilipofika mbele, Mzee Karisa hana jirani. Alikuwa ameshaufungua mkono wake juu ya meza, kiganja juu, ananingojea. Kitabu chake kiko ukurasa ule ule, K, A, na nusu ya R. Hajaimaliza tangu siku ile.

Nami nilipita.

Nilipita, Bi Zena. Darasa zima likaona. Kazungu alitikisa kichwa polepole, kama hakimu aliyepata shahidi wa mwisho. Nilikuwa sijasema neno, na nilikuwa nimeshatoa ushahidi.

Na Mungu ananijua, sikupita kwa sababu naamini utsai. Nimeokoka, nasoma Biblia yangu kila asubuhi, najua roho ya mtu iko mikononi mwa nani. Nilipita kwa sababu nilikuwa na kizunguzungu. Tangu ufe, kichwa kinanigonga nyuma, hapa shingoni, kama ulivyokuwa ukisema chako. Jana nilikwenda zahanati, dada muuguzi akanifunga mpira wa mkono, akaupuliza, akautazama, akaufunga tena. "Mama, presha imepanda. Leo usiende bila dawa." Sasa fikiria. Nimshike mzee mkono, nianguke kama wewe, pale pale, juu ya R ile ile. Hatafika mlangoni.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Mauti yangu siyaogopi sana. Nachelea yatakavyomwangukia yeye.

Na jawabu ninalo, nawe unajua kwamba ninalo. Liko kwenye kopo lako la maziwa, lile ulilotilia chaki. Wanafunzi walidhani unalilinda kwa ubahili. Mimi peke yangu najua kwamba chini ya chaki kuna vidonge vyako vya presha, karatasi juu ya karatasi, havijatobolewa. "Vyanizungusha kichwa, wallahi, naona ubao waenda kama feri. Nikivimeza siwezi kusimama." Nikakubembeleza. Ukanishika bega: "Mwanangu Sidi, mwanafunzi mtu mzima akijua mwalimu wake mgonjwa, haji tena kusoma, aja kumjulia hali. Usiwape sababu ya kukaa nyumbani, sababu wanazo tele. Niahidi." Nikakuahidi. Ulikuwa mwalimu wangu. Kila ulichonifunza kilikuwa kweli, na hilo nikalichukua pamoja na mengine, sikulichambua.

Sasa naliona. Ulitaka wasikuonee huruma. Lakini pale ulipoficha ugonjwa, watu wamepata nafasi ya kuweka uchawi. Na mimi kila siku ninayonyamaza nawashikia mlango waingie.

Naivunja ahadi, Bi Zena. Usinikasirikie, au nikasirikie, tutaonana.

Kesho sitawahutubia. Mtu mzima haambiwi, hujisomea. Hilo lako silivunji. Nitaandika PRESHA ubaoni kwa herufi kubwa, ninyamaze, nimuombe Kazungu asome. Ataisoma, maana wewe ndiwe uliyemsomesha. Kisha nitalimwaga kopo juu ya meza, chaki kwanza, halafu vile vingine. Nitamwacha avishike kwa mkono wake. Atalia tena, namjua, na afadhali alie kuliko kile kilicho guniani. Kisha nitatoa vyangu, nimeze kimoja mbele yao wote, Mama Saumu anichekee anavyotaka. Wajue mwalimu wao mgonjwa. Wakija kunijulia hali, nitawakalisha chini niwape penseli.

Lakini kesho ni mbali. Aliyebaki humu ndani na mimi ni Mzee Karisa. Wenzake walipotoka, ile pikipiki ilikuwa imerudi. Ndipo nilipotia komeo. Nimempelekea bintiye habari kupitia kwa Mama Saumu, ambaye alikwenda mbio na mgongo wake mbovu, hakusema unauma. Tunawangoja. Mzee amekaa benchi lake la mbele. Kidonge changu nimeshakimeza mbele yake kwa maji ya kwenye chupa. Aliniuliza ni dawa ya nini, nikamwambia, nikamwambia na habari ya vidonge vyako. Akalipapasa bega lake. Halafu akasema, "Alikuwa mzito begani. Mimi nilijua usingizi hauna uzito ule. Nilijua, Sidi. Lakini niliona, nikisema, atakuwa amekufa." Na mimi nikalia kwenye kitambaa cha kufutia ubao, sasa uso wangu wote ni chaki.

Ameniuliza naandika nini. Nikasema namwandikia mwalimu. Akasema, "Mwambie ile R haijaisha."

Namsikia Mama Saumu barabarani, sauti yake haijifichi, anamwita binti wa mzee aharakishe, na anamwita na Kazungu pia, sijui amemtoa wapi, sijui anakuja na nini. Pikipiki imewashwa. Imesimama pale pale na inanguruma.

Bi Zena, nyinyi mna dua zenu na sisi tuna sala zetu, na anayezisikiza ni mmoja. Akulaze pema, akupe nafasi, akufutie uchovu wote wa kusimama. Nakuaga hapa. Barua hii naitia kwenye kopo, chini ya chaki, pahali pako pa siri, mpaka kesho nitakapolimwaga.

Na ahadi yangu ni hii, mahali pa ile niliyoivunja. Nafungua mlango sasa. Nimeshamwambia, "Baba, naomba mkono wako," naye amenipa. Ni mkavu na wa moto kidogo. Nitatoka nao nje mbele ya wapwa wake, mbele ya Kazungu, mbele ya mtaa mzima, nimfikishe kwa bintiye, na sitauachia. Kichwa kinanigonga. Niombee nisianguke njiani.

Mwanao,
Sidi