Kamba Mguuni mwa Heroe

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwako dada yangu Mwanahamisi, huko Kipini,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na binti yako Rehema, na Mama mzazi wetu, na kila anayelala chini ya paa hilo. Je, miguu ya Mama bado inavimba? Kikohozi cha Rehema kimekwisha, au bado mnampa asali na ndimu naye anatema? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Chumba changu ni kile kile nyuma ya Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago, na mwenye nyumba ni yule yule anayepanda ngazi kuja kunusa kama nimepika kwa mkaa.

Barua hii nimempa kondakta wa basi badala ya kukupigia simu, kwa sababu wewe ukipokea simu nyumba tatu husikiliza, na haya si ya nyumba tatu. Kaa kitako usome. Nimesikia umeshafunga mizigo, na kuku umewagawia majirani. Fungua mizigo, dada. Mumeo amefukuzwa kazi.

Najua utasema mimi simpendi Bakari tangu siku ya posa. Ni kweli, simpendi. Mwanamume anayeulizwa jambo asubuhi akalijibu jioni, nani atampenda isipokuwa wewe? Lakini kazi nilimtafutia mimi, chumbani mwangu nikamlaza mimi, na mkeka akauchukua wote yeye. Kwa hiyo nikimsema nina haki ya kumsema.

Mahali penyewe hujapaona, basi nikueleze. Nyuma ya kisiwa, pale mkono wa bahari unapoingia kwenye mikoko, palikuwa jaa la taka. Chama kimoja kikapasafisha, kikapanda mikoko mipya, kikajenga daraja la mbao la kupita juu ya tope na kibanda cha makuti chenye matundu ya kuchungulia. Watu huja kutazama ndege. Sikutanii. Watu wazima wenye akili zao hukaa kimya na darubini usoni wakimtazama yangeyange akitembea topeni, wakafurahi kama wanaoonyeshwa bibi harusi. Mwanzo mimi na Bakari tulicheka mpaka tukakaripiwa. Kwetu sisi ndege wa pwani ni kitoweo, na asiyelika ni kelele tu.

Baada ya muda mumeo akaacha kucheka. Akimaliza kuokota chupa na mifuko ya plastiki iliyoletwa na maji, anaingia kibandani, anaazima darubini, anakaa. Ukimwita haitiki. Siku moja nikamwuliza anaona nini humo. Akaniambia mimi shemejiye, "Mwamu, wale sululu wenye midomo mirefu wanaotoka mbali wamerudi. Mmoja wao achechemea." Ndiyo maneno yote niliyoyapata kwake siku hiyo, na mchuzi ulikuwa umeungua.

Tulikuwa vibarua tu. Msimamizi wetu, Bwana Mahfudh, alituahidi kwamba siku hifadhi itakapokubaliwa rasmi tutaandikwa sote wawili, kazi ya kudumu. Hapo ndipo wewe na Rehema mngekuja, kwenye chumba ambacho Bakari alikwisha kukitazama huko Makadara. Kukubaliwa kwenyewe kulikuwa mikononi mwa mgeni mmoja, bibi mkubwa wa serikali kutoka Nairobi. Akipendezwa, pangekuwa hifadhi. Asipopendezwa, pangejazwa kifusi pawe uwanja wa makontena, nasi turudi kwetu.

Bwana Mahfudh ni mtu wa papa hapa Mji wa Kale, wa ukoo mkongwe, kanzu haina doa na maneno yake laini. Hajapata kunipandishia sauti. Hata akikutusi utamshukuru kwanza, ufike nyumbani ndipo uumie. Amezaliwa kisiwani lakini amekulia dukani, na maji anayoyajua ni ya birika.

Juma la kumngoja mgeni, mafundi walipiga misumari mchana kutwa, jenereta likanguruma, vipaza sauti vikajaribiwa kwa kaswida moja hiyo hiyo. Ndege wote wakahama. Hakubaki hata kitwitwi. Bwana Mahfudh akawa anatembea darajani akijifuta shingo kwa leso, maana utamwitaje mtu kutoka Nairobi kuja kutazama tope? Kisha alfajiri ya siku yenyewe likaja gari, nyuma imefunikwa magunia, na ndani yake heroe saba waliotegwa kule kwenye mashamba ya chumvi. Unawakumbuka heroe, wale warefu wa waridi waliokuwa wakipita juu ya Kipini tulipokuwa wadogo. Kwa karibu wana harufu mbaya na macho ya hofu. Manyoya ya mabawa yalikuwa yamekwisha kukatwa kwa mkasi.

Kazi tukapewa sisi, kwa sababu sisi ni watu wa pwani na tunajua mafundo. Tukapiga vigingi topeni, tukawafunga kila mmoja mguu mmoja kwa uzi wa mshipi, ule mnene wa kuvulia papa. Bwana Mahfudh alisimama darajani akituelekeza.

"Fungeni kamba fupi, wanangu. Ikiwa ndefu watahangaika, wageni watajua."

Nikamwambia, "Bwana, leo ni bamvua. Saa hizi maji yamekupwa, lakini ikifika alasiri hapa pote ni bahari. Heroe anajua kuelea, ila kwa kamba hii hataelea."

"Wageni waja saa nne, Athumani. Saa sita tushakula, nanyi mushawafungua." Kisha akacheka kwa upole wake ule. "Na usiwaonee huruma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, ni methali nzuri na imesemwa mahali pake. Bakari hakucheka. Alikuwa amemshika heroe kifuani, fundo hajalifunga, nami nikamnyang'anya nikamfunga mimi.

Saa nne viti vilikuwa vimepangwa, mahema yanapepea, wanafunzi wa madrasa wamevaa sare, na mgeni hayupo. Saa sita hayupo. Tukaambiwa yuko hotelini anapumzika. Nikamwendea Bwana Mahfudh nikamwomba tuwafungue kwanza, tutawarudisha magari yakionekana. Akaniambia magari yako njiani. Yalikuwa njiani mpaka watu wakaswali adhuhuri, na waliponyanyua vichwa kwenye sijda maji yalikuwa yamekwisha kuwafika heroe magotini.

Basi akafika. Bibi mnene mwenye kicheko kizuri, sina ubaya naye. Alipowaona heroe wamesimama majini alishika mashavu yake kama mtoto. "Jamani, ni wazuri!" Na walikuwa wazuri, dada, siwezi kusema uongo. Rangi ile juu ya maji ya kijani, wametulia safu moja. Bwana Mahfudh akapumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Kisha hotuba. Alisoma dua mmoja, akashukuru wa pili, wa tatu akamshukuru wa pili kwa kumshukuru yeye. Wanafunzi wakaimba. Mimi na Bakari tulikuwa ufukweni tumeshika kamba ya kuzuia watu wasisogee. Maji yakapanda matumboni. Heroe wakanyanyuka wakaelea kidogo, wakageuka huku na huku, na nyuzi zikawa zimekaza. Yule wa mwisho, aliyekuwa mdogo, akaanza kupiga mabawa. Wenzake wakafuata, wote saba, maji yakaruka, shingo zikapanda na kushuka.

Wageni wakainuka vitini kupiga picha. Mtu wa kipaza sauti akasema, "Mabibi na mabwana, ndege wetu wanawakaribisha kwa ngoma!" Wakapiga makofi. Dada, walipiga makofi kwa muda mrefu sana.

Bakari akanigeukia. "Mwamu, nipe kisu."

"Tulia."

"Nipe kisu, Athumani. Wafa wale."

"Leo ndiyo siku ya kuandikwa," nikamwambia. "Mkeo amefunga mizigo. Mwanao anangoja. Wewe wataka kumpa nini, manyoya?"

Kisu kilikuwa mfukoni mwangu, kile cha kufungulia chaza. Nilikifumbata humo humo mfukoni. Kwa mkono wa pili nikamshika shati, nalo likapasuka toka begani mpaka kiunoni, akanitoka. Akaingia majini na suruali yake. Mumeo anayechukua nusu siku kunyanyuka mkekani, hujapata kumwona akienda hivyo. Alipiga mbizi kwa heroe wa kwanza, na kwa kuwa hana kisu akakata uzi kwa meno. Uzi wa papa, dada. Aliibuka na damu midomoni, akazama tena.

Makofi yalikoma. Nikasikia jenereta peke yake.

Alitoka na watatu wakiwa hai, mmoja mmoja, amewapakata kama vichanga. Wanne aliwakuta wamekwisha. Akawaweka wale hai kwenye nyasi akawaachia, akarudi nyuma hatua chache, akangoja waruke. Nadhani alikuwa amesahau mkasi. Walisimama tu wakitetemeka, wakakunjua mabawa yaliyokatwa, wakayakunja tena.

Bwana Mahfudh alimwita nyuma ya hema. Nilikuwa karibu, nimesikia kila neno, na yote yalikuwa laini. "Mwanangu, umechoka. Enda kapumzike. Usirudi tena." Akamwekea mkono begani, juu ya shati lililopasuka, kisha akamnyooshea lango. Bakari akauliza nani atawalinda wale ndege. Akajibiwa, Mungu.

Wageni wakaitwa kwenye biriani. Kunguru wa mji huu huwajui, hawana adabu na hawaogopi mtu. Walianza kushuka mmoja mmoja juu ya nyasi, wakaanza na macho ya wale watatu. Mimi ningeweza kuwafukuza kwa fimbo, lakini nilikuwa nimeagizwa nibebe sinia. Baadaye nikaagizwa nilete gunia nikusanye vilivyobaki kabla wageni hawajatembezwa upande ule. Nikavikusanya. Usiku ule nilimkasirikia Bakari mpaka nikashindwa kulala. Nilimwita mpumbavu mbele ya uso wake. Niliwahesabia, yeye na ukuta, yote aliyoyapoteza: kazi, chumba, wewe, shule ya Rehema. Na alikuwa amemwokoa nani? Kunguru walikula watatu badala ya kaa wa topeni kula saba. Akajilaza kuelekea ukutani. Midomo yake ilikuwa imevimba, hata angetaka kunijibu asingeweza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Yule bibi wa Nairobi alipendezwa. Yeye aliona ndege wamenaswa kwenye nyavu za zamani zilizoachwa chini ya maji, na mfanyakazi wa hifadhi amejitupa kuwaokoa kwa meno yake. Alilia, ati. Alisema mahali penye watu wa namna hiyo pasiguswe na makontena milele. Hakuna aliyemsahihisha. Hifadhi imekubaliwa, na aliyeipitisha ni mumeo.

Nilimwendea Bwana Mahfudh nikamwomba amrudishe. Nilipiga magoti, usimwambie Mama. Akaninyanyua kwa mikono miwili. "Nampenda Bakari," akasema. "Lakini kesho mtu atamwuliza zile nyuzi zatoka wapi, naye hajui kusema uongo. Wewe wajua." Nami nikaandikwa. Mimi ndiye mlinzi wa lango, nina sare na filimbi.

Na langoni wametundika picha kubwa, ndefu kunishinda. Ni Bakari huyo, yumo majini mpaka kifuani, heroe amempakata, shati limepasuka. Chini wameandika: TUWAPENDE NDEGE WETU. Jina lake hawakuweka.

Siku hizi analala Liwatoni, hubeba barafu za kuwekea samaki. Chumbani kwangu hataki tena. Juzi alikuja langoni. Hakuja kugombana, alisema amesikia habari ya picha, anataka kuiona. Alisimama chini yake, ameinua uso, kofia mkononi. Akatazama kwa muda wake mrefu kama kawaida yake, kisha akaniuliza kama anaweza kuingia kibandani kidogo tu, aangalie kama yule sululu anayechechemea yuko.

Amri niliyopewa ni asiingie. Wakati huo huo likafika basi la wanafunzi na mwalimu wao, mwalimu anawaonyesha picha, watoto wanamtazama shujaa, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yule mtu aliyesimama chini yake ananuka samaki. Bwana Mahfudh alikuwa dirishani mwa ofisi yake. Nikapuliza filimbi. Nikamwambia, "Bwana, hapo hapasimamwi. Sogea, wageni wapite."

Nilimwita bwana, dada. Yeye akavaa kofia yake, akasema, "Haya, bwana," akasogea.

Anapanda basi kesho kutwa kuja huko. Usimwulize habari za midomo wala za kazi, hata ukiwa na hasira, na najua utakuwa nayo. Wewe usije Mombasa. Mimi nitakuwa langoni hapo kila siku, na sitaki uje uone ninachokilinda.

Nisalimie Mama, mwambie nimepata kazi nzuri, basi, usimwongezee neno. Nisalimie Mjomba aliyetufundisha mafundo, na shangazi yetu mpika mahamri, na jirani yako aliyechukua jogoo. Mbusu Rehema. Na mumeo akifika, msalimie kwa jina langu. Asipoitikia, usimlazimishe.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani