Tatu Nje ya Mabano

Kaka Shabani,

Nimepita. Naanza na hilo, maana bado nina hasira nawe, na nikianza na hasira sitafika mwisho.

Ulisema, "Anastazia, wewe shika darasa la tatu, aljebra ya la saba niachie mimi." Kisha homa ikakuchukua, ukaniachia darasa zima na mkaguzi yuko njiani. Mimi, niliyejifunza ualimu kwa redio na vitabu vya posta! Akikuta hawajui, cheti sina, narudi Muyama kulima.

Na kweli hawakujua. Ukiwapa 3(a + 4), wanaandika 3a + 4. Wa kwanza anazidishwa, wa pili anaachwa. Nilifuta ubao mpaka nikachoka. Ndipo nikakumbuka ulivyotutania: "Nyie Waha mnapiga makofi kumsalimu hadi mtoto wa mgongoni. Kengele inalia, mimi bado nasalimiwa!"

Nikawaambia mabano ni nyumba, tatu ni mgeni mlangoni. Akimsalimu baba, akamruka mama, je?

"Hana adabu, Mwalimu!"

Basi tatu imsalimu a, imsalimu na nne.

Jana mkaguzi aliandika 3(a + 4) + 2a, akamwita Editha, yule uliyekuwa ukimwita Bubu. Mtoto akasimama mbele ya a, akapiga makofi taratibu. Akasogea kwa nne, akapiga tena.

"Anafanya nini huyu?" mkaguzi akaniuliza. Nilishika dirisha.

Editha akaandika 3a + 12 + 2a. Akaihamisha 2a ikae na mwenzake, kwani kwenye kujumlisha haijalishi nani katangulia. 5a + 12. Niliogopa atazichanganya, aseme 17a kama zamani. Akaweka chaki chini, akarudi kukaa.

"Sawa," mkaguzi akasema. Sawa tu! Lakini akatia sahihi.

Tangu tukuzike nilikuwa sijalia. Walimu wenzetu wakasema nina roho ngumu. Nilikuwa naandaa vipindi vyako! Landrova ya mkaguzi ilipoondoka nikakaa kwenye kiti chako, nikalia hadi kwikwi. Kifua kimekuwa chepesi.

Mungu akurehemu, Kaka. Watoto hawa nakuahidi wataingia mtihanini wakiijua hata hasi nje ya mabano. Hiyo hukuwahi kunionyesha. Nitaitafuta mwenyewe.

Mwenzio,
Anastazia
Makere