Ng'ombe wa Ubaoni

Dagoretti, Alhamisi, Machi 1971

Bado nina hasira. Kwani picha ina makosa gani? Watoto wa darasa la kwanza nikiwasomea maneno ya imla wanatetemeka hadi penseli zinawaanguka. Ndiyo maana leo nimeibadilisha: mimi nachora kitu ubaoni, wao wanaandika jina lake.

Nikachora ng'ombe. Nusu ya darasa wakaandika "nyama".

Hedimasta akaingia, akafunua madaftari. "Madam, huu ni mchezo. Hao wa "nyama" wote wape sufuri. Na asiyepita atarudia darasa."

Nikamwambia hakuna aliyekosea hata herufi moja.

"Ulichora ng'ombe ama nyama?"

Watoto wote walikuwa wakinitazama.

Naogopa, sitajidanganya. Kazini bado sijathibitishwa, na barua ya kunithibitisha ni yeye ataandika. Akikataa...

Lakini wino mwekundu nimeshautumia. Wote nimewawekea tiki.

Kesho akiuliza, nitamwita dirishani. Kila asubuhi ng'ombe wanapita hapo wakipelekwa kichinjioni, watoto wakiwapigia kelele. Hawajawahi kuona hata mmoja akirudi.