Wimbo wa Elia

Jumapili jioni, Desemba

Kariakoo nzima hakuna anayejua muziki kama mimi. Hata malaika wakiishiwa nyimbo watakuja na flashi kibandani kwangu niwawekee.

Ila leo kanisani, vijana tulipotaja kitabu, filamu au wimbo uliotugusa mwaka huu, Elia wa duka la vitenge akataja wimbo wa kwaya. Eti ubeti wa mwisho ulimfanya amsamehe baba yake. Watu wakalia, hadi Neema ninayemtaka. Roho iliniuma!

“Na wewe, DJ wetu?” mchungaji akauliza.

“Huohuo, mchungaji! Mimi ndo nilimwekea.”

“Ubeti wa mwisho ulikuambia nini?”

Nikacheka, nikakaa. Mimi kila wimbo nasikiliza mwanzo tu, nione kama faili linafunguka. Mungu wangu, mwaka mzima nimeuza nyimbo zako, sijasikiliza hata mmoja hadi mwisho.